Rangi ya Gari na Utando wa Kuikinga: Maswali na Majibu

Tangu tando angavu za kukingia rangi ya gari zilipoanza kuenea katika karakana za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, wenye magari wamekuwa wakiuliza aghalabu swali moja, nalo ni kama utando huu ni mzuri. Jibu lake ni jepesi: ukiwa wa asili njema, ni mzuri. Walakini jibu hilo halimfai muulizaji, kwa kuwa lililo zito katika shauri hili ni rangi iliyo chini ya utando, na barabara ambayo gari hupita. Tumekusanya hapa maswali ya wasomaji, na majibu ya fundi ambaye kazi yake ya miaka mingi ni rangi za magari.

Swali: Utando huu ni kitu gani hasa, na ulitoka wapi?

Ni ngozi ya plastiki iitwayo poliuretani, yenye gundi upande mmoja, na upande wa pili ina tabaka jembamba la kuhimili jua, maji na uchafu. Unene wake ni baina ya mikroni 150 na 200, na mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Ili msomaji aione maana ya kipimo hicho, na ajue kwamba rangi yote ya kiwandani, tangu chuma hata juu kabisa, yaani ile dawa ya kuzuia kutu ambayo bodi zima hutumbukizwa ndani yake na kupitishiwa umeme, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, kisha lile tabaka la mwisho lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia, kwa kawaida haizidi mikroni 150, na klia peke yake ni kiasi cha 40 au 50. Mwenye kulivika gari utando, basi, analitia vazi lililo nene kuliko rangi yake yote.

Asili yake ni vitani. Wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani waliona mabapa ya helikopta zao yanalika upesi kwa mchanga na vijiwe, wakayavika poliuretani, maadamu plastiki hiyo hunepa ikarudi, na kinachonepa huipokea nguvu ya pigo na kuitawanya, ilhali kilicho kigumu hupasuka. Tabia hiyo moja ndiyo tunayoinunua leo kwa ajili ya boneti.

Swali: Naishi Dar es Salaam, na gari langu haliendi mbali zaidi ya kazini na sokoni. Je, nalihitajia jambo hili?

Kwa mawe, la. Nguvu ya pigo la jiwe huongezeka kwa mraba wa mwendo, na maana yake ni kuwa jiwe lilipigalo gari lendalo kilomita 100 kwa saa lina nguvu mara nne ya jiwe lilo hilo katika mwendo wa 50. Na katika foleni za mjini, ambamo gari hujikokota, kokoto hugonga bampa ikaanguka bila ya kuacha athari. Maadui wa rangi ya mjini ni wengine watatu: jua, usukani wa bodaboda inayojipenyeza baina ya magari, na kunguru. Huyu wa tatu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo akaifanya pwani nzima kuwa milki yake, ana kinyesi chenye asidi, nacho kikikauka juani juu ya boneti yenye moto huila klia na kuacha doa ambalo polishi huenda isiliondoe. Utando huyapokea madhara hayo badala ya klia, na mkwaruzo mwepesi wa bodaboda huuzuia; lakini chupa ya maji na kitambaa ndani ya buti, pamoja na hima ya kufuta, humtosha kunguru. Asiye na mali ya ziada na alinunulie gari lake kivuli kwanza, yaani banda la kuegeshea.

Swali: Mimi husafiri kila juma baina ya Nairobi na Mombasa. Nilivike gari zima?

Wewe ndiwe hasa uliyetengenezewa utando, ila si kwa gari zima. Barabara ile ya kilomita karibu 480 huchukua malori yatokayo bandarini kwenda bara mpaka Uganda na Rwanda, na magurudumu pacha ya trela huokota kokoto, hususa pale kingo za lami zilipolika, yakazirusha nyuma. Gari lifuatalo huzipokea kokoto hizo kwa mwendo wake lenyewe, na hupigwa mahali panapojulikana: bampa lote la mbele, boneti, madigadi za mbele, uso wa vioo vya pembeni, nguzo za kioo kikubwa, na taa. Fauka ya hayo, magurudumu ya gari lenyewe hulirushia mchanga chini ya milango na mbele ya matairi ya nyuma. Hayo ndiyo ya kuvikwa. Paa, mfuniko wa buti na sehemu za juu za milango hazipatwi na mawe ila kwa nadra, na fedha ya kuzivika ni fedha ya pambo. Mwenye nayo na aitumie, bora ajue ametumia kwa nini.

Wako mafundi wanaoshauri kuvika nusu ya mbele ya boneti na kuiacha nusu ya nyuma, kwa ajili ya kupunguza gharama. Shauri hili silipendi. Ukingo wa utando katikati ya boneti hukusanya vumbi na polishi mpaka ukawa mstari usiofutika, na rangi iliyo wazi huchakaa juani mbali na ile iliyofunikwa, hata siku ya kubandua boneti moja ikawa na sura mbili. Ama vika boneti nzima, ama iache.

Mkaazi wa pwani ana hoja nyingine ya kuongeza katika mizani yake. Jiwe likiichimba rangi hata chuma kikaonekana, hewa ya chumvi haingoji: kutu huingia, ikatambaa chini ya rangi iliyo nzima, na tundu lililokuwa dogo mno likawa uvimbe. Lakini kutu ambayo imekwisha kuanza haizuiliwi kwa kufunikwa. Itibiwe kwanza.

Swali: Shikamoo, fundi. Nimeagiza gari lililotumika kutoka Japani. Nilivike mara litokapo bandarini?

Marahaba, mwanangu. Litazame kwanza. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri uliopita miaka 8, na Tanzania huingia hata yaliyo makongwe kuliko hayo. Kwa hivyo gari utakalopokea limekwisha kuwa na maisha mengine kabla yako, na huenda katika maisha hayo liligongwa na kupakwa rangi upya. Hapo ndipo penye hatari. Rangi ya kiwandani huokwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi, bodi likiwa bado tupu bila ya viti wala nyaya, nayo hushikana na chuma kwa nguvu ambazo gundi ya utando haizishindi. Rangi ya karakana haiwezi kuokwa vile, kwa kuwa gari limejaa mpira, plastiki na vitambaa; hukaushwa kwa joto dogo au kwa hewa tu, na kushika kwake kunategemea dhamiri ya aliyepiga msasa. Siku utando utakapobanduliwa, huenda ukaondoka pamoja na rangi hiyo, na mwenye gari akamlaumu aliyebandua ilhali mkosaji ni aliyepuliza.

Fundi mwenye vifaa ana kipimo kidogo ambacho huwekwa juu ya chuma kikasema unene wa rangi. Kikisoma baina ya 100 na 150 kila mahali, furahi. Mlango mmoja ukisoma 250 na jirani yake 120, huo umepakwa mara ya pili. Na ukisoma 500 na kupita, chini yake kuna puti. Kipimo cha kawaida hakisomi juu ya plastiki, kwa hiyo bampa hubaki na siri zake, na dawa ni kulitazama kwa mwanga wa jua la asubuhi, ukizilinganisha chembe za rangi yake na za boneti. Asiye na kipimo na afungue milango, avute mpira wa ukingoni, apitishe ukucha: akihisi kidaraja, hapo ndipo ilipoishia karatasi ya kuzibia wakati wa kupuliza.

Ikiwa rangi ni ya juzi, subiri. Viyeyushi vilivyomo ndani yake havina budi kutoka, na utando huvifungia ndani. Ngoja mwezi mmoja angalau, na zaidi wakati wa masika.

Swali: Jirani yangu amepaka seramiki, anasema ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Seramiki ni dawa ya majimaji ambayo ikikauka huacha tabaka la mikroni chache mno. Hufukuza maji na hurahisisha kuosha, lakini jiwe halina habari nayo. Yaweza kupakwa juu ya utando, na wengi hufanya hivyo.

Swali: Nimeoneshwa utando wa nusu ya bei. Kuna tofauti gani?

Huenda ni wa PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali ambazo jua la ikweta huzifukuza, na zikisha kutoka utando hukakamaa, hugeuka manjano na kupasuka. Ubaya huo huonekana upesi zaidi juu ya gari jeupe, na magari yetu mengi ni meupe. Omba kipande, ukikwaruze kidogo kwa brashi ya shaba, kisha ukimwagie maji moto: katika poliuretani nzuri mikwaruzo myepesi hufutika mbele ya macho yako. Mkato wa kisu haufutiki katika utando wowote, na anayesema hufutika anauza maneno. Watengenezaji wakubwa hutoa dhamana ya miaka 5 hata 10. Soma kama dhamana hiyo inazungumza juu ya kugeuka manjano, na kama inatambulika katika nchi yako.

Swali: Nimjueje fundi mwema?

Tazama anapofanyia kazi. Utando hubandikwa kwa maji ya sabuni na kusukumwa kwa kibao cha mpira, na chembe moja ya vumbi ikibaki chini yake itaonekana kila siku. Basi anayefanya kazi hiyo nje, chini ya mwarobaini, usimpe gari, hata akiwa mtu mzuri. Kisha muulize hukata vipi. Wenye mashine hukata kwa vipimo vya gari kabla ya kubandika. Wengine hukata kwa wembe juu ya gari lenyewe, na mkono ukizidi nguvu kidogo wembe hupita utando ukaichora klia, jeraha lisiloonekana mpaka utando uondoke. Wako mahiri wa mkono ambao hawagusi rangi kamwe. Uombe kuoneshwa gari aliloshughulikia mwaka mmoja au miwili nyuma, ukazichunguze kingo zake, kama zimeinuka au zimetulia.

Swali: Je, bei ya gari itapanda siku ya kuliuza?

Si kwa kiasi cha gharama uliyoitoa. Mnunuzi wa hapa kwetu huanza na injini na umri wa gari, na rangi nzuri humfurahisha tu.

Swali: Nimenunua gari lenye utando wa zamani uliogeuka manjano. Niutoeje?

Usiuvute ukiwa baridi. Liache gari juani asubuhi, au upashe utando kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka uwe vuguvugu kwa mkono bila ya kuunguza, kisha anzia pembeni, ukiukunja nyuma karibu na bodi, wala usiunyanyue kwenda juu, na uende polepole huku ukiendelea kuupasha. Gundi itakayobaki hulainishwa kwa dawa yake maalumu na kufutwa kwa kitambaa laini, kamwe si kwa wembe wala thina. Ukiona rangi inaanza kufuata utando, simama hapo hapo, ukate kipande kilichokwisha kutoka, umpelekee fundi wa rangi gari likiwa hivyo lilivyo.