Watu wa Suffa na Chokora wa Thika

Ndugu zetu wa pwani waliokwenda bara kwa kazi na biashara, wakafanya maskani Ruiru na Thika, hutuuliza: ni lipi lituwajibikialo kwa watoto na watu wazima walalao nje, katika baraza za maduka na vituo vya mabasi? Senti za siku ya Ijumaa zatosha?

Kwanza tulitazame jina. Huitwa chokora. Katika Kiswahili cha wazee wetu chokora alikuwa kijana mtumishi wa jikoni, mfuasi wa nyumba ya mtu. Alikuwa duni, lakini alikuwa na nyumba, na mwenye kumuuliza amelala wapi. Leo jina limebaki, nyumba imeondoka. Hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wa namna hii Kenya nzima: Nairobi 15,337, na Mombasa yetu 7,529, ya pili kwa wingi. Basi mtu asiseme ni jambo la bara.

Wala si kweli kwamba hawana watu. Mkubwa humlinda mdogo, naye humtoza alichopata. Mnunuzi wa vyuma chakavu huwapimia mizigo yao. Mpishi wa hoteli huwawekea makombo, mwengine huwauzia gundi ya kunusa, askari huwafukuza. Hao wote pengine walijua jina la mtoto. Asiyelijua ni mtoa sadaka, kwani yeye hudondosha senti akapita, akidhani ametoka katika lawama.

Mtume (S.A.W.) hakufanya hivyo. Masikini wasio na jamaa wala nyumba Madina walikaa Suffa, mahali palipoezekwa ndani ya msikiti wake, si nje ya mlango. Mmoja wao ni Abu Hurayra, ambaye hapana sahaba aliyepokewa Hadithi nyingi kumshinda. Mtume akiwajua, na masahaba akiwaamrisha wawachukue majumbani mwao, wale pamoja na watoto wao. Sisi twapika pilau ya khitma tukawalisha walioshiba. Nalisema hili ijapokuwa wako watakaochukia.

Itasemwa: "Wengi wao si Waislamu." Zaka ya mali, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, na ndiyo madhehebu yetu ya Shafi, ni ya Waislamu. Lakini sadaka ya hiari yajuzu kupewa asiyekuwa Muislamu, na jirani ana haki ya ujirani hata akiwa si wa dini yetu. Alalaye barazani pako ni jirani yako. Mwenye duka na aanze kwa huyo.