SOMO LA AFYA: Mwasho Usioisha na Usubi wa Mtoni

Masomo: Ayubu 2:7-8; Marko 1:40-42



Ayubu aliketi majivuni akijikuna kwa kigae. Kati yetu pia wako wanaojikuna mchana na usiku, na majirani wamekwisha kunong'ona: ni ukoma, au amerogwa. Wengine wameacha kuja ibadani kwa aibu.

Huenda ni minyoo. Si ile ya tumboni, bali ile inayoishi chini ya ngozi. Huletwa na usubi, nzi mdogo mweusi anayeuma mchana karibu na mito iendayo kasi. Bonde la mto Nyamugasani, unaoshuka kutoka Rwenzori hadi Ziwa Edward, lilijulikana kwa ugonjwa huu. Ajabu ni kwamba mabuu ya usubi wa aina fulani hukua yakiwa yameshikamana na kaa wa mtoni! Kivu Kaskazini na Ituri, walikotoka wengi wetu, ugonjwa upo pia.

Minyoo mikubwa hujikunja ndani ya vinundu visivyouma, nyongani au mbavuni, na huweza kuishi hata miaka 15. Watoto wake hutembea ngozini, na wanapokufa ndipo mwasho unapowaka. Miaka ikipita, ngozi huwa nene na yenye makunyanzi kama ya mjusi, au miundi hupata madoa meupe kama ya chui. Wakifika machoni, mtu anaweza kupofuka.

Upele wa kawaida hupenda katikati ya vidole na hushika nyumba nzima. Doa la ukoma huwa halisikii ukiligusa kwa pamba, hili linasikia. Tena ugonjwa wa usubi hauambukizwi kwa kupeana mkono, kulala mkeka mmoja, wala kwa kikombe cha Meza ya Bwana. Yesu alimgusa mwenye ukoma. Sisi tunamkimbia mtu asiye na la kutuambukiza.

Dawa ni ivamektini, yaani Mectizan, ambayo kampuni ya Merck imeitoa bure kwa ugonjwa huu tangu 1987. Huua watoto wa minyoo, lakini ile mikubwa hubaki. Kwa hiyo hurudiwa mara moja au mbili kwa mwaka, miaka mingi. Aliyemeza mara moja kisha akakimbia vita hajamaliza. Mwasho ukizidi siku chache baada ya kumeza, si kwamba umelishwa sumu. Hawapewi wajawazito, mama aliyejifungua wiki hiyo, watoto chini ya miaka 5, wala mgonjwa mahututi.

Mkifika kituo cha afya, mwambieni mganga mlikotoka. Misitu mingine ya Kongo ina mnyoo uitwao loa, ambao pengine huonekana ukipita juu ya jicho. Mwenye loa nyingi mwilini akimeza Mectizan anaweza kudhurika vibaya ubongo. Basi mama, vidonge vya kugawiwa na jirani usivimeze, hata kama yeye vilimfaa.