Kikohozi cha Wiki Tatu

Swali: Daktari, mume wangu ni dereva wa daladala Dar es Salaam. Anakohoa wiki ya tatu sasa, na usiku shuka linalowa jasho. Vidonge vya duka la dawa havijasaidia. Nimemtengea sahani na kikombe. Tuna mtoto wa miaka miwili. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Kikohozi kilichovuka wiki mbili, tena chenye jasho la usiku, lazima kipimwe kifua kikuu. Wengine hukonda, hupata homa za jioni au hutoa damu. Asisubiri damu!

Aende kituo cha afya kesho. Atapewa kikopo. Asukutue kinywa kwa maji, asimame nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani. Yanatakiwa makohozi mazito. Mate matupu hayafai. Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali.

Akikutwa na kifua kikuu, kwa kawaida atameza dawa miezi 6. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Msishtuke, ni moja ya dawa hizo, rifampisini. Ninachokiogopa ni mwezi wa pili: kikohozi kimekata, nguvu zimerudi, mgonjwa anaacha dawa. Vimelea vilivyobaki huweza kuwa sugu.

Sahani yake mrudishie, tafadhali. Ugonjwa huu huenezwa kwa hewa, si kwa vyombo. Fungueni madirisha, naye afunike mdomo akikohoa. Na mtoto mpeleke pia: walio chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa, wakionekana hawaumwi, hupewa dawa ya kinga.