SOMO LA LEO: Kabla Hujanunua Betri Mpya ya Pikapu, Angalia Inapokaa

Somo la leo ni la wewe unayeuza mtandaoni na kupeleka mzigo kwa pikapu yako ya zamani. Hata kama gari ni la kukodi, soma tu. Likizima njiani, anayepigiwa simu na mteja ni wewe, sio mwenye gari.

Mimi nauza makabati na meza. Picha naweka kwenye status, oda napokea WhatsApp, mzigo napeleka mwenyewe na Hilux ya zamani kuliko baadhi ya wateja wangu. Jumamosi moja nilikuwa na kabati la kupeleka Kibaha, saa mbili asubuhi liwe limefika, maana mteja alikuwa na wageni. Alfajiri nawasha gari: tik. Nazungusha tena: tik. Kimya. Majirani wakasukuma, ikawaka, nikafika saa tano. Mteja alipokea kabati, akanishukuru kwa adabu, na tangu siku hiyo hajawahi kujibu meseji yangu.

Ile betri ilikuwa na miezi 9 tu, na ilikuwa ya pili ndani ya miaka miwili. Nikaenda dukani nilikoinunua nimefura. Nikamwambia yule mzee ameniuzia betri feki, na nitamuanika mtandaoni. Posti nilikuwa nimeshaiandika, bado kubonyeza tu.

Mzee hakubishana. Akasema, "Kijana wangu, fungua boneti." Akaisukuma betri kwa mkono mmoja. Ikateleza mpaka ikagonga bodi. Chini yake bati limeliwa na kutu, limebaki kama wavu. Kilichoishikilia ni kamba ya tyubu niliyofunga mwenyewe mwaka juzi. Akaniambia, "Hata nikikupa mpya leo, mwakani utarudi kunigombeza."

Nikafuta ile posti palepale. Haya ndiyo niliyojifunza.

KWA NINI BETRI INAYOCHEZA HUFA MAPEMA

Ndani ya betri ya gari kuna vyumba 6, kila kimoja kina bamba za risasi zilizozama kwenye maji yenye asidi. Betri ikirukaruka kwenye mashimo, unga ulioshikamana na zile bamba unapukutika na kujikusanya chini. Ukijaa, bamba zinagusana na chumba kinakufa. Chumba kimoja kikifa, betri nzima haina nguvu ya kuzungusha stata.

Pia maji yanaruka na kutoka juu kwenye vifuniko. Ile ni asidi. Inakula bati, bati linalegea, betri inacheza zaidi, asidi inamwagika zaidi. Ni mzunguko ambao hauishi mpaka wewe uukate.

Hatari kubwa kuliko zote ni moto. Betri ikihama, kichwa cha chanya kinaweza kugusa boneti au bodi. Hapo ni cheche kubwa, waya unayeyuka, na gari lenye mzigo wa mteja linaweza kuungua.

KIPIMO CHA DAKIKA MOJA

Zima gari, toa ufunguo. Shika betri kwa mikono miwili, sio kwenye waya, uitikise kwa nguvu mbele, nyuma na juu. Iliyofungwa vizuri inatikisa gari zima. Ikicheza yenyewe, una kazi ya kufanya wiki hii.

Kama una mita ya umeme, pima pia. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12 au chini, imeisha chaji. Kisha washa injini upime tena: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu wakati injini inawaka, shida inaweza kuwa kwenye uchajishaji, na betri mpya haitakusaidia.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Toa betri kwa mpangilio. Legeza waya wa hasi (-) kwanza, ndipo chanya (+). Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Vaa glovu, funika macho, na usivute sigara hapo, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Ukirukiwa na maji yake, osha kwa maji mengi hapohapo. Yakiingia machoni, osha kwa muda mrefu uende hospitali.

2. Ua asidi kabla ya kupaka chochote. Changanya magadi soda ya kupikia na maji, mwaga kwenye kikalio na bati la pembeni. Litatoa povu. Rudia mpaka povu liishe, kisha suuza na uache pakauke kabisa. Ukipaka rangi juu ya asidi, inaendelea kula bati chini ya rangi. Kama unasafisha juu ya betri pia, vifuniko viwe vimefungwa, magadi yasiingie ndani.

3. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma. Sasa bonyeza kwa bisibisi. Isipozama, bati bado zima: paka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu mara mbili. Ikizama, hilo bati limekwisha. Usilifunike kwa gundi wala bati la debe.

4. Bati lililokwisha mpelekee fundi wa kuchomelea. Akate sehemu mbovu yote mpaka afike kwenye chuma kizima, halafu atengeneze kikalio cha chuma cha L pande zote nne na bamba la milimita 2 au 3 chini. Betri itoke nje ya gari na iwekwe mbali kabla hajawasha mashine. Mwambie aangalie pia mabomba ya breki na mafuta yanayopita karibu, asiyachome, na achungulie kama asidi imeshayala. Pawe na ndoo ya mchanga.

5. Kipimo kitokane na betri yenyewe. Usikisie. Betri ya N70 ni ndefu kuliko N50 kwa karibu sentimita 5, kwa hiyo kikalio cha moja hakifai kwa nyingine. Acha nafasi ndogo tu ya kuingiza na kutoa. Toboa matundu mawili matatu chini ili maji ya mvua yasituame.

6. Weka mpira chini. Kipande cha tyubu au zulia la mpira la gari kinatosha. Kinapunguza mtikisiko na kinazuia chuma kusaga plastiki ya betri.

7. Funga juu. Hapa ndipo wengi tunapodanganya. Unahitaji chuma bapa kinachopita juu ya betri, na bolti mbili ndefu zenye ndoano zinazoshika kwenye kikalio. Chuma hicho kisikaribie vichwa vya betri, na ukivishe mpira. Kaza mpaka betri isicheze, basi. Ukikaza kupita kiasi utapasua ganda. Kamba, waya wa kufungia na kipande cha mbao sio kifungio.

8. Malizia waya. Safisha vichwa vya betri ving'ae, kaza, paka grisi kidogo juu yake kuzuia ule ukungu mweupe. Kichwa cha chanya kivalishe kofia ya mpira. Hakikisha waya hausuguani na ukingo wa bati, na ule wa hasi umeshika kwenye chuma kisafi, sio juu ya rangi.

NA WEZI JE?

Betri inaibika haraka, hasa kwa magari yanayoiweka nje pembeni ya chasisi. Kama lako ni hivyo, mwambie fundi atengeneze boksi la chuma lenye kifuniko na sehemu ya kufuli, ila liwe na matundu ya hewa ili gesi itoke. Kama betri iko chini ya boneti, angalia kama kufuli la boneti linashika na kama waya wake hauvutiki kwa mkono kutokea nje. Ufunguo wa kufuli uweke pamoja na wa gari. Ukikutwa na hitilafu njiani unatakiwa kuitoa hasi kwa sekunde, sio kumpigia simu aliye nyumbani.

HESABU YA BIASHARA

Betri zangu mbili zilinila karibu laki nne. Kikalio kipya, bolti, rangi na ufundi vilinitoka elfu arobaini na tano. Leo ni mwaka wa tatu, betri ni ileile niliyonunua baada ya matengenezo. Lakini yule mteja wa Kibaha simhesabu kwa shilingi. Alikuwa ameshanunua kwangu mara tatu.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu. Kila mwanzo wa mwezi, fungua boneti, tikisa betri, kaza nati, angalia kama kuna ukungu mweupe au unyevu. Kama betri yako ni ya kuongeza maji, ongeza yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, sio ya bomba. Na ukitoka safari ya barabara mbovu, rudia kipimo kabla ya oda inayofuata.

Jambo la mwisho, na hili linatuhusu sote tunaouza. Nilirudi kwa yule mzee kumuomba radhi. Akacheka, akasema kila wiki anapata mmoja kama mimi. Nikawakumbuka wateja wanaonirudishia meza iliyovimba kwa kumwagiwa maji, wakisema mbao ni feki. Siku hizi mteja akija na hasira, nafanya kama alivyofanya yeye. Sibishani. Namwambia, "Nitumie picha ya pale ulipoiweka."

Hifadhi somo hili, na umtumie mwenzako mwenye pikapu iliyofungwa betri kwa kamba. Unamjua.