Sarafu za Shaba za Wafalme wa Kilwa

Katika vilima vya Umatengo, huko Mbinga, watu hulima kwa mashimo yaitwayo ngolo, na mara nyingine jembe huweza kugonga sarafu ya kale. Ikiwa ni heller ya Wadachi, iliyoanza kutumika mwaka 1904, kuitambua si kazi: ina taji, jina la nchi na mwaka. Heller 100 zilikuwa rupia moja, na neno "hela" limetokana nayo. Iliyo na mwaka 1916 na herufi T ilipigwa Tabora wakati wa vita.

Lakini ziko sarafu nyingine za kale zaidi, ambazo kuzisoma ni kazi kubwa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka pwani ya Ziwa Nyasa ikaenda mashariki hata Kilwa Kivinje. Kusini ya mji huo pana kisiwa, Kilwa Kisiwani, ambako wafalme walipiga sarafu zao wenyewe za shaba nyekundu, miaka mingi kabla ya Wareno kukiteka mwaka 1505.

Sarafu hizo ni ndogo, nazo zimeandikwa kwa Kiarabu. Upande mmoja pana jina la mfalme, kama Ali bin al-Hasan. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mungu, na vina vya pande mbili hulingana kama vya shairi. Mwaka haukuandikwa. Basi wakati wake hujulikanaje?

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta mfalme al-Hasan bin Sulaiman, mtu mkarimu sana. Kwa hiyo sarafu yenye jina la mfalme huyo ikionekana chini ya sakafu ya nyumba isiyopata kufukuliwa, hapana shaka sakafu ile haikutengenezwa kabla ya wakati wake. Sarafu moja yake ilionekana mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Dhahabu ya nchi ile ilishuka Sofala, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa. Sarafu ile ndogo ni shahidi wa biashara hiyo.

Lakini mtu akiiokota sarafu akaitia mkebeni pamoja na nyingine, asikumbuke ilipokuwa, ushahidi umepotea, hata kama jina lasomeka. Wengine huisugua kwa mchanga na ndimu, kama asuguavyo mtu sufuria, ili ing'ae. Hilo ni kosa baya zaidi, kwa maana herufi zake ni nyembamba, nazo hutoka pamoja na kutu ya kijani.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Hakujua ni za nani. Akaziweka miaka mingi, hata mwaka 1979 zikapelekwa kwa wataalamu, wakazisoma. Jinsi zilivyovuka bahari yote ile hakuna ajuaye mpaka leo. Lakini mahali alipoziokota palikuwa pametiwa alama katika ramani, na mwaka 2013 wataalamu waliishika ramani ile wakarudi kutafuta katika pwani ile ile.