SOMO: KUHESABU KABLA YA VITA
(Luka 14:31-32)

Wapendwa, katika somo hili mfalme aketi kwanza kuwahesabu askari wake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tutampiga, nasi tukaitikia. Wako waliotoa ng'ombe, na vijana wengi wa Mara walikuwa jeshini. Wakristo tulimkumbuka pia Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Uganda mwaka 1977. Hatuoni kosa katika kuitikia huko. Lakini Kampala ilipokwisha kutekwa, Aprili 1979, tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na shida ikadumu miaka. Je, tulipoitikia, nani kwetu aliketi akahesabu? Jumapili, baada ya ibada, wazee waliokuwapo waanze kujibu.