SOMO: UA LA ITIGI NA UA LA KARAFUU

Ndugu wanachama, sisi wa karafuu twachuma ua kabla halijafunguka; likisha funguka, thamani yake imekwenda. Wenzetu wa Itigi, mkoani Singida, wao hungoja ua lifunguke ndipo kazi yao ianze, maana zao lao ni asali. Hata hivyo wao na sisi twauza kitu kimoja, nacho ni harufu ya ua, ipatikanayo kwa msimu tu. Yafaa basi tujifunze jinsi wanavyoipata, na jinsi inavyoweza kupotea mikononi mwa mtu.

1. Nchi yenyewe

Itigi ni stesheni ya Reli ya Kati, magharibi ya Manyoni, katika njia ya kwenda Tabora. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Huko kuna kichaka cha namna ya pekee, ambacho wataalamu wa mimea ulimwenguni hukiita kwa jina la Itigi. Miti yake ni mifupi, mita 3 hadi 5, nayo imesongamana hata mtu hupita kwa taabu. Kiangazi hupukutisha majani. Kichaka cha jamii hiyo huonekana tena mbali, kaskazini ya Zambia. Jirani yake iko misitu ya miyombo. Mvua zikikosa, maua huwa haba, na mzinga hubaki mtupu.

2. Kazi ya nyuki

Wengi hudhani kwamba nyuki huchota asali katika ua. Sivyo. Achotacho ni maji matamu, na sehemu kubwa yake ni maji tu. Huyabeba katika mfuko ulio tumboni, na humo huchanganyika na ute wake unaogeuza sukari. Mzingani wenzake huyapokezana, na kuyapepea kwa mbawa mpaka maji yapungue. Asali njema haizidi sehemu 20 za maji katika 100. Ikiiva hivyo, nyuki hufunika kila tundu la sega kwa nta. Kifuniko hicho ndicho cheti cha asali.

3. Kazi ya mrinaji

Mrinaji mwema hutumia moshi kidogo, kwa kuwa ukizidi huingia katika asali. Hukata masega yaliyofunikwa, huyaacha yenye majana, na huwabakizia nyuki chakula chao. Asali huiweka katika ndoo safi yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa. Huichuja kwa kitambaa bila kuichemsha. Akiichemsha, harufu ya ua huondoka na mvuke, ikabaki sukari.

Asali iliyorinwa mbichi huchacha. Wako watu bara wanaoichachusha kwa makusudi, pamoja na maji, wapate pombe iitwayo wanzuki. Lakini aliyekusudia kuuza asali, akafungua ndoo akakuta povu, amepoteza taabu ya msimu mzima.

Liko na jambo la mzinga. Tangu zamani mizinga ya bara hufanywa kwa magogo au kwa magome ya miti. Mti ukivuliwa gome lake kuuzunguka, hufa, na maua yake hufa nao. Mtu amepata mzinga mmoja, akapoteza malisho ya nyuki wa miaka mingi. Ndiyo sababu wafugaji hushauriwa kutumia mizinga ya mbao, ambayo hufunguliwa na kufungwa bila kuharibu makao ya nyuki.

4. Yatupasayo sisi

Harufu ya karafuu ni mafuta, na mafuta hayo hupanda pamoja na mvuke. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hufanya kazi kwa njia hiyo: mvuke hupita katika makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa, na mafuta hutengana na maji. Hata watengenezaji wa jini, ile pombe kali, hutumia kanuni iyo hiyo kuchukua harufu ya matunda ya miti ya jamii ya mwangati, na wengine huongeza maua ya msimu. Huko mvuke hukamatwa. Kwenye rundo la karafuu lililopata moto hakuna wa kuukamata.

Kwa hiyo karafuu mbichi zisilale katika rundo wala katika gunia, kwani hupata moto, huvunda na kupauka. Tuzianike siku ile ile, juu ya majamvi, tuzigeuze, na tuzianue kabla ya mvua. Makonyo tuyatenge: yana mafuta, lakini ni machache kuliko ya karafuu yenyewe, na mnunuzi akiyakuta ndani ya gunia huishusha daraja. Wala tusivunje matawi wakati wa kuchuma. Tawi lililovunjwa ni sawa na mti uliovuliwa gome: mavuno ya leo yamekula ya kesho.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa tawi

1. Nyuki hufunika asali lini, na sisi twajuaje kwamba karafuu imefikia kuchumwa?
2. Kwa nini asali haichemshwi, na karafuu mbichi hazirundikwi?
3. Katika shamba lako, ni matawi mangapi yaliyovunjika msimu uliopita?

Swali la tatu lisijibiwe kwa kukisia. Kila mwanachama aende shambani kwake akahesabu.